Binti alivyochora jinamizi lake, mama akajikuta ndani ya picha

Karatasi ya kwanza iliishia kwenye ndoo ya taka.

Mama aliikuta chini ya mto wa binti yake asubuhi ya Jumamosi, akitandika vitanda. Ilikuwa karatasi ya daftari la hesabu. Juu yake alichorwa mtu amelala chali, na kitu cheusi kisicho na uso kimemkalia kifuani. Kalamu ilikuwa imepitishwa mahali pamoja mara nyingi mpaka karatasi ikatoboka.

Hakuuliza. Aliichana vipande vinne, akaita kwa sauti iliyofika uani: "Wewe, haya mambo unayatoa wapi?"

Binti huyo ana miaka 15, yuko kidato cha tatu katika shule ya kutwa, na familia yake inaishi Mbagala, Dar es Salaam. Hakujibu. Aliendelea kufagia. Hakusema neno kuhusu karatasi ile siku hiyo wala wiki iliyofuata, na mama akadhani yamekwisha.

Mama anauza vitambaa Kariakoo. Anatoka nyumbani kabla jua halijachomoza na kurudi taa zimeshawashwa. Baba yuko Mwanza kikazi, na huja mara chache kwa mwaka. Nyumba ina vyumba viwili vya kulala. Bibi analala kimoja na wajukuu wawili wa kiume. Kingine ni cha mama na binti yake, vitanda viwili vyenye nafasi katikati ya kupita mtu mmoja. Mama akishalala, kwa maneno yake mwenyewe, ni gogo.

Swali moja la bibi

Aliyejua kwanza ni bibi. Usiku mmoja, yapata saa 9, alitoka kwenda msalani akamkuta mjukuu wake ameketi sebuleni gizani, amejifunika khanga hadi kichwani.

"Umekabwa?" bibi aliuliza.

Neno hilo moja lilitosha. Binti alilia kwanza, kisha akasimulia. Anaamka, au anadhani ameamka. Anakiona chumba kama kilivyo: dirisha, kabati, begi la shule kwenye msumari. Macho yanaona, lakini mkono haunyanyuki na mdomo haufunguki. Kisha anahisi kuna mtu mle chumbani. Mtu huyo anasogea, anapanda kitandani, anamkalia kifuani, na pumzi inakuwa fupi. Halafu inaisha ghafla, na yeye anabaki anatetemeka, anaogopa kufumba macho tena.

Lilikuwa likimjia karibu kila wiki tangu muhula ulipoanza.

Bibi alimwambia mambo mawili. La kwanza, hilo ni jinamizi, na yeye pia lilimkaba akiwa msichana kwao Newala. La pili, asome dua na alale ubavu, asilale chali. Alfajiri alimwita mama kabla hajatoka, akamweleza yote, akamalizia: "Ile karatasi uliyoichana ilikuwa inakwambia hili."

Siku hiyo mama alichelewa kufungua duka.

Wiki hiyohiyo walikwenda kituo cha afya. Daktari aliuliza maswali mengi kuliko walivyotarajia. Binti analala saa ngapi na kuamka saa ngapi? Usiku huwa anatetemeka mwili mzima, anang'ata ulimi au kukojoa kitandani? Mchana husinzia ghafla? Kuna mtu anayemtisha au kumgusa vibaya nyumbani, njiani au shuleni? Hili la mwisho daktari alimuuliza binti peke yake, mama akiwa nje.

Majibu yalionyesha kuwa binti alikuwa akisoma hadi saa 6 usiku na kuamka saa 10:30 alfajiri ili awahi daladala. Hizo ni saa nne na nusu. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi kwa siku.

Daktari alieleza kwamba katika sehemu ya usingizi yenye ndoto nyingi, ubongo huizuia misuli isifanye kazi, ili anayeota anakimbia asiruke kweli kitandani. Misuli ya macho na ya kupumulia haizuiwi. Mara nyingine mtu huamka kabla kizuizi hicho hakijaondoka. Akili iko macho, mwili bado umelala, na mabaki ya ndoto yanaonekana ndani ya chumba halisi. Hali hiyo hudumu kwa sekunde kadhaa hadi dakika chache. Inatisha sana, lakini haiui.

Kulala kidogo, kulala bila mpangilio, kuwa na mawazo mengi na kulala chali vyote huchangia. Kwa hilo la mwisho, bibi na daktari walikubaliana bila kuonana.

Wala binti hayuko peke yake. Uchambuzi wa tafiti mbalimbali uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa karibu asilimia 8 ya watu hupatwa na hali hii angalau mara moja maishani. Kwa wanafunzi, idadi ilipita robo.

"Mama, huyu alijua"

Likizo ya Juni ilipofika, binti alitoa ombi. Alitaka kulichora tena jinamizi lake, safari hii kubwa na kwa rangi.

Alikuwa ametazama kwenye simu ya mama video za watu wanaochora picha za kutisha kwa rangi za akriliki. Katika kutafuta, alikutana na picha ya zamani ya Henry Fuseli, mchoraji aliyezaliwa Uswisi na kuishi London. Aliichora mwaka 1781, na leo imehifadhiwa kwenye makumbusho ya sanaa ya Detroit, Marekani. Mwanamke amelala chali, kichwa kinaning'inia, na kiumbe kimemkalia juu ya mwili. Jina la picha hiyo kwa Kiswahili ni Jinamizi.

"Mama, huyu alijua," alisema akimpa simu.

Mama hakupenda. Alisema kuchora kitu cha namna hiyo ni kukiita. Bibi, aliyekuwa anamenya vitunguu, akacheka.

Marehemu mumewe alikuwa mchongaji Mwenge. "Masikio kama ungo, mguu mmoja, ulimi nje," bibi alisema. "Mashetani matupu. Wazungu wakanunua, ada yako ya shule ikalipwa. Hakuna hata moja lililotufuata nyumbani. Ya babu yako yauzwe, ya mjukuu yachanwe?"

Bibi hakuwa anatania tu. Mtindo wa kuchonga mashetani ulianza miongoni mwa wachongaji wa Kimakonde katika miaka ya 1950, na anayetajwa sana kuwa mwanzilishi wake ni Samaki Likankoa. Baadaye George Lilanga, aliyefariki dunia mwaka 2005, aliwaleta viumbe wa namna hiyo kwenye picha za rangi kali, na kazi zake zikaonyeshwa nchi nyingi. Picha za kutisha zilikuwapo Dar es Salaam kabla ya simu.

Mama alikubali kwa masharti mawili. Kazi ifanyike uani mchana, si chumbani usiku. Na mjomba awepo.

Marekani na rangi ya ukuta

Mjomba ni mdogo wake mama, na kazi yake ni kuandika mabango ya maduka. Alikuja na brashi tatu: moja pana, moja bapa ya wastani na moja nyembamba kama njiti.

Fremu ilitoka kwa seremala wa jirani, mbao nne za mabaki, sentimita 50 kwa 60. Kitambaa kilitoka dukani kwa mama, marekani nzito isiyopaushwa. Mjomba alimwonyesha binti namna ya kuivuta. Msumari mdogo unapigwa katikati ya kila upande kwanza, kisha unaelekea pembeni, huku na huku, mpaka kitambaa kikigongwa kwa kidole kitoe mlio wa ngoma.

Kitambaa kitupu hunywa rangi, kwa hiyo hupakwa kwanza. Wapo wachoraji wanaonunua rangi maalumu ya msingi. Hapa ilitumika rangi nyeupe ya maji iliyobaki walipopaka sebule. Ilipakwa mara mbili, ikaachwa ikauke, ikasuguliwa kidogo kwa msasa laini.

Rangi zenyewe zilikuwa pakiti moja ya tyubu 12 ndogo, bei ambayo mama aliihesabu mara mbili kabla ya kulipa. Vingine vilipatikana nyumbani: sahani ya plastiki iliyopasuka ukingoni, makopo mawili ya maji, matambara.

Kabla tyubu ya kwanza haijafunguliwa, mjomba alitoa masharti yake. Brashi haiingii mdomoni hata kwa bahati mbaya, maana baadhi ya rangi zina sumu. Sahani na makopo hayo hayarudi jikoni tena. Mikono inaoshwa kwa sabuni kabla ya kula. Na brashi huoshwa kabla haijakauka. Akriliki huyeyushwa kwa maji ikiwa mbichi, lakini ikishakauka ni plastiki na maji hayaiondoi. Siku ya kwanza binti alisahau brashi ya wastani juani kwa muda wa chakula cha mchana. Alipoirudia ilikuwa ngumu kama mswaki wa zamani.

Giza kwanza

Siku ya pili, binti alifungua tyubu nyeusi. Mjomba akaweka mkono juu yake.

"Hiyo imekufa. Tengeneza giza lako."

Walichanganya kahawia iliyokolea na buluu iliyokolea. Kwa mbali unaona nyeusi, lakini ndani yake kuna kitu. Ukizidisha buluu, linakuwa giza la baridi. Ukizidisha kahawia, linakuwa giza la kona ya ndani. Binti aliweka buluu zaidi upande wa dirisha na kahawia zaidi upande wa mlango. Kitambaa chote kilifunikwa, hakikubaki cheupe hata kidogo.

Rangi ilikauka kabla chai haijapoa. Hiyo ndiyo faida ya akriliki, kwamba unaweza kupaka juu ya kosa ndani ya dakika chache. Hasara yake ni kuwa hukauka hata kwenye sahani kabla hujaitumia. Binti alichukua chupa ya kunyunyizia nywele maji, akawa anaipulizia sahani kila baada ya muda.

Kisha alichora kwa chaki juu ya giza. Aliamua picha ionekane kama anavyoona yeye akiwa amelala, kwa hiyo aliingia chumbani, akajilaza chali kitandani na daftari, akapima kwa macho. Alipotoka aliweka mistari michache: miguu yake chini ya shuka, chandarua kimemzunguka, mlango mbele, kabati, begi kwenye msumari.

Na juu ya kifua akaliweka jinamizi. Alilipa pembe, meno marefu, macho mekundu na kucha. Alilipaka siku nzima. Wadogo zake walipoiona walipiga kelele na kukimbia, na yeye akacheka, mara ya kwanza kwa siku nyingi.

Jioni hakuwa anacheka. Aliitazama picha kwa mbali akasema, "Hii ni bango la sinema."

"Una uhakika lina meno?" mjomba aliuliza.

Binti alifikiri. "Halina. Halina uso. Halina kitu chochote. Ni uzito tu."

Asubuhi ya siku ya tatu alichanganya giza upya na kulifuta jinamizi lote, pembe na macho na meno. Kazi ya siku nzima ilipotea kwa mipako miwili.

Kuchora uzito

Sasa tatizo likawa kubwa zaidi. Utachoraje kitu ambacho hakionekani na kinakukalia kifuani?

Jibu alilipata kwenye chandarua. Usiku huo alikitazama muda mrefu kabla ya kulala, jinsi kinavyoning'inia kutoka kwenye kamba nne, jinsi kinavyobonyea mtu akikiegemea. Kesho yake alichora chandarua kimebonyezwa kutoka juu, kimeshuka katikati mpaka kinakaribia kugusa kifua, kama kuna kitu kimekikalia. Chini yake shuka limejikunja, mikunjo yote inaelekea sehemu moja. Juu ya mbonyeo huo hakuna kitu, ila giza ambalo limekuwa zito kidogo kuliko giza lingine.

Kuchora chandarua chenyewe kulimtoa jasho. Alianza kwa brashi nyembamba, uzi mmoja baada ya mwingine, akapata wavu wa kuvulia samaki. Alifunika. Akajaribu tena kwa rangi nyeupe yenye maji mengi, ikatoka kama maziwa yaliyomwagika. Akafunika tena.

Mjomba alimpa ujanja wa waandika mabango. Chukua brashi bapa iliyo kavu. Gusa nyeupe iliyochanganywa na giza kidogo. Futa karibu yote kwenye tambara, mpaka uone kama hakuna kilichobaki. Kisha ipitishe juu ya kitambaa bila kukandamiza. Marekani ina nyuzi zilizoinuka, na rangi ilishika juu ya nyuzi hizo tu, ikaacha vitundu vya giza katikati yake. Chandarua kilijitokeza chenyewe kutoka kwenye kitambaa.

"Ona!" binti alisema, na mama aliyekuwa ndani akatoka mbio akidhani kuna aliyeumia.

Kulikuwa na somo lingine. Akriliki ikikauka huwa nyeusi zaidi kuliko ilivyokuwa mbichi, kwa sababu gundi iliyomo ni nyeupe kama maziwa ikiwa na maji, na hung'aa kama kioo ikikauka. Giza zito alilolipaka juu ya mbonyeo lilikuwa sawasawa saa 4 asubuhi. Saa 5 lilikuwa limemezwa, halionekani. Ilibidi ajifunze kuchanganya rangi nyepesi kidogo kuliko anayoitaka, na kuijaribu kwanza kwenye kipande cha marekani.

Kitanda cha pili

Jumapili mama hakwenda dukani. Alikaa uani kwenye mkeka anachambua mchele, binti akichora pembeni yake. Kwa siku zote hizo mama alikuwa ameitazama picha kwa kuibia, akipita. Sasa alikuwa karibu nayo.

Upande wa kushoto, mahali palipokuwa giza tupu jana yake, palikuwa na kitanda kingine. Juu yake kulikuwa na mtu amelala, amegeuza mgongo. Amejifunika khanga nyekundu yenye mabaka ya njano. Mama aliijua khanga ile. Ilikuwa imeanikwa kwenye kamba, hatua tano kutoka alipokaa.

"Huyu nani?"

"Wewe."

"Nafanya nini hapo?"

"Umelala."

Mama aliendelea kuchambua. Binti naye hakugeuka, alikuwa anaupaka ukingo wa bega kwa brashi nyembamba.

"Kila likija nakuona," alisema. "Hakuna kingine ninachotazama. Nakuita, sauti haitoki. Uko hapo hapo, mama. Mkono ungefika."

Bibi, mlangoni, aliacha alichokuwa anafanya.

Baada ya muda mama alisema, "Basi nigeuze. Nichore niko macho, nakutazama."

Binti alitikisa kichwa. "Hapana, mama. Itakuwa uongo. Sisemi ni kosa lako. Ulikuwa umechoka. Lakini ulikuwa umelala."

Mama aliweka ungo chini akaingia ndani. Bibi alikuja akaketi mahali pake, akamalizia mchele bila kusema kitu. Alipotoka tena, mama alikuwa amenawa uso. Alikaa kwenye mkeka, karibu zaidi na picha kuliko mara ya kwanza.

"Ile karatasi," alisema. "Nisamehe."

"Haya, mama."

Halafu mama akauliza swali ambalo hakuliuliza siku ile alipoichana. Aliuliza kila kitu kwenye picha ni nini, kimoja kimoja, kuanzia mlangoni.

Mwanga mwisho

Kazi ya siku ya mwisho ni ya mwanga, na ni ndogo kuliko mtu anavyodhani. Mjomba alisema picha ya usiku huharibiwa na mwanga mwingi. Binti aliweka mstari mwembamba wa njano chini ya mlango, pale taa ya sebuleni inapopenya. Aliweka kijivu kidogo kwenye fremu ya dirisha. Na aliweka njano iliyochanganywa na nyekundu kwenye bega na mgongo wa mama, ikafifia kuelekea ukutani.

Khanga ile ndiyo rangi pekee iliyochangamka kwenye picha nzima. Mtu akiitazama, jicho huenda kwanza huko, kisha hurudi kwenye chandarua na kuuona mbonyeo. Mjomba alimuuliza kama alipanga hivyo. Binti alisema ndiko anakotazama mwenyewe, basi.

Picha iliachwa siku tatu sehemu isiyo na vumbi, kisha ikapakwa vanishi ya maji mara mbili, nyembamba. Binti aliandika tarehe pembeni kwa brashi ile nyembamba. Jina hakuandika.

Inaning'inia sebuleni, juu ya kabati la vyombo. Kila magharibi bibi huifunika kwa khanga, na asubuhi huifunua. Akiulizwa, husema ni kwa sababu ya vumbi.

Kwa mzazi mwenye karatasi mkononi

Picha ya kutisha peke yake si ugonjwa, na si kipimo. Vijana wengi huchora mazimwi kwa sababu tu wanayapenda. Lakini inaweza kuwa mlango wa mazungumzo, na mlango huo hufungwa haraka kwa kelele moja. Swali la kuanzia ni rahisi: niambie kuhusu picha hii. Kisha mzazi anyamaze asikilize.

Mtoto anayesimulia kukabwa na jinamizi aulizwe kuhusu usingizi wake. Saa ya kulala na ya kuamka zifanane kila siku, pamoja na mwisho wa wiki. Simu ilale chumba kingine. Alale ubavu. Likimjia, ajaribu kupumua polepole na kutikisa kitu kidogo tu, ncha ya kidole cha mguu au cha mkono. Mguso wa mtu mwingine pia unaweza kusaidia kulikatisha.

Aonwe na daktari ikiwa jinamizi linamjia mara kwa mara, anaogopa kwenda kulala, anasinzia ghafla mchana, au anaishiwa nguvu ghafla anapocheka au kushtuka. Vilevile kama mwili hutetemeka wote usiku, anang'ata ulimi au anajikojolea, maana hizo zinaweza kuwa dalili za kifafa, nacho kina matibabu yake. Na ikiwa kijana ana huzuni isiyokwisha, au anasema kuna mtu halisi anayemtisha, asiambiwe ni ndoto. Aaminiwe kwanza, na msaada utafutwe siku hiyohiyo.

Dua ya bibi haigombani na lolote kati ya haya.

Kitanda kimesogezwa

Picha haikulimaliza jinamizi. Tangu likizo limemrudia mara mbili.

Kilichobadilika ni ratiba. Kusoma kunaishia saa 3 usiku, na saa 3:30 taa ya chumbani inazimwa. Bado ni saa 7 tu za usingizi, haijafika 8, na mama analitafutia jibu suala la daladala la alfajiri. Anaongea na mzazi wa jirani mwenye bajaji.

Kingine ni kitanda. Mama alikisogeza chake mpaka kikagusa cha binti yake, nafasi ya kupita ikahamia upande wa ukuta. Vyandarua viwili sasa vinakutana katikati.

Mara ya pili jinamizi lilipokuja, ilikuwa karibu na alfajiri. Mama aliamshwa na pumzi, fupi na za haraka, na sauti ndogo ya kooni kama ya mtu anayeongea mdomo umefumbwa. Alipenyeza mkono chini ya vyandarua vyote viwili, akamshika binti bega, akalitikisa.

Binti alivuta pumzi ndefu kama mtu aliyetoka majini.

"Limekuja?"

"Limekuja."

"Haya, geuka ubavu."

Aligeuka. Mama hakuuondoa mkono hadi kengele ya simu ilipolia sebuleni saa 10:30.